Siku Tisa Nilizonyamaza, Kitabu Kikiwa Wazi

Ilikuwa mwaka 2022, katikati ya kiangazi, nami nikiwa na umri wa miaka hamsini na minane, nilipowanyang'anya majirani zangu haki yao kwa neno moja la Kifaransa. Sitailaumu serikali, wala sitailaumu simu. Kosa ni langu. Nitalieleza tarehe kwa tarehe, kwa kuwa tarehe ndizo zilizoniumbua.

Jina langu naomba nisilitaje. Walio karibu nami wanalijua tayari, na ninyi wengine hamlihitaji ili kuelewa nilichofanya.

Mume wangu, fundi wa reli, alifariki tarehe 9 Mei 2009. Yeye ndiye aliyekuwa akinisomea kila karatasi iliyoingia nyumbani. Wiki ya tatu baada ya mazishi, shemeji zangu waliniletea karatasi wakasema ni ya mambo ya matanga. Nikatia dole gumba. Kumbe nilikuwa nimekubali kutoka katika nyumba yangu mwenyewe. Nilihamia mtaa huu wa kando ya mto Naviundu, hapa Lubumbashi, nikiwa na masufuria, godoro na picha ya marehemu, nikaapa kwamba dole langu halitagusa wino tena.

Nilianza kusoma Jumatatu tarehe 4 Februari 2013, katika kisomo cha watu wazima cha parokia, nikiwa na miaka arobaini na minane. Cheti nilikabidhiwa Jumamosi tarehe 2 Julai 2016. Nilikitia katika fremu nikakitundika sebuleni, juu ya picha ya marehemu. Juu yake, wala si kando.

Mtaani wakaniita Mama Diplôme. Baadhi walisema kwa heshima, baadhi kwa kejeli. Mimi nilipokea yote kama heshima.

Hapa niungame jambo dogo, maana ndilo lililobeba lile kubwa. Kule parokiani tulifundishwa kusoma Kiswahili. Kifaransa nilijifunza kukitamka tu, kwa kuwa herufi zake ni zilezile. Ninaweza kushika barua ya Kifaransa nikaisoma toka juu mpaka kwenye mhuri bila kujikwaa, na nusu yake nisijue inasema nini. Lugha yetu nayo ilinipa mahali pa kujificha. Anayetamka maandishi tunasema anasoma. Aliyepita shule tunasema amesoma. Hakuna aliyeniuliza mimi ni yupi kati ya hao wawili. Nilikaa ndani ya neno hilo miaka sita.

Jumatatu tarehe 18 Julai 2022, tangazo lilibandikwa ukutani mwa ofisi ya mtaa. Jirani yangu Mama Sidonie alikuja kuniita. Ukuta wake na wangu ni mmoja. Tangu mwaka 2001 alikuwa akilima lengalenga na matembele kwenye ukingo wa mto, matuta ishirini na mawili, na kwa mboga hizo amelea watoto watano.

"Mama Diplôme, kuya utusomee. Bamebandika karatasi. Bamama bote beko pale, kila mutu anaangalia stampu tu."

Niliwakuta wanawake kama kumi na wawili, wote wakulima wa ukingoni. Walinipisha. Nikavaa miwani, nikasoma: *Avis d'enquête*. Nikaendelea mpaka mwisho, kwa sauti ileile ninayosomea somo la kwanza kanisani. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Eh, huyu anasoma sawa padri."

Kisha Mama Sidonie akauliza lile swali. "Sasa, inasema nini?"

Nilikuwa nimeshika maneno machache. Mto, nililijua. Kiwanja, nililijua. Kadi ya utambulisho, siku thelathini. Na lile la kichwa cha tangazo, *enquête*, nani Lubumbashi asiyelijua? Enquête ni uchunguzi wa polisi. Mwizi akivunja kwa jirani yako, wanakuja kufanya enquête, na aliyekutwa karibu ndiye anayelala ndani. Sikujua kwamba ipo enquête nyingine, ile ambayo serikali, kabla ya kumpa mtu ardhi, huwauliza wakaaji kama wana neno la kupinga.

Wiki iliyotangulia kulikuwa na sauti ya mwanamume inayozunguka katika simu zetu. Alisema wanawake wanaolima kando ya mito watakamatwa. Ni nani huyo mwanamume, hakuna aliyejua, wala hakuna aliyeuliza. Nikaichukua sauti ile, nikaiunga na karatasi hii, na pengo lililobaki katikati nikaliziba kwa hofu yangu ya mwaka 2009.

"Ni enquête," nikasema. "Banatafuta benye kulima kwa mto bila karatasi. Mwenye ataenda kule na carte yake, amejifunga mwenyewe."

"Na kama hatuende?"

"Siku makumi tatu zitapita, itaisha."

"Yesu wangu," akasema Mama Sidonie. "Na miye nilitaka kuenda leo leo."

Wakaniomba niyarekodi maneno hayo kwenye simu, ili waliokuwa sokoni nao wayasikie. Ombi hilo lilinipendeza, siwafichi. Nilianza kama ninavyoanza siku zote, kwa siku na tarehe, maana mwalimu wetu alitufundisha kwamba barua isiyo na tarehe ni yatima; na Jumatatu sisi huiita siku ya kwanza. "Leo siku ya kwanza, tarehe kumi na munane, mwezi wa saba, mwaka elfu mbili makumi mbili na mbili. Bamama, miye nimesoma tangazo na macho yangu. Musiende."

Mpaka hapo lilikuwa kosa la kutojua. Kama ungamo langu lingeishia hapo, nisingepoteza karatasi kuwaandikia.

Jumatatu tarehe 8 Agosti 2022 nilikwenda ofisi hiyohiyo kwa shughuli yangu. Sisi wajane wa reli hutakiwa kupeleka hati ya kuthibitisha kwamba tungali hai, ili tusikatwe kwenye pensheni ya marehemu. Karani, baba mtu mzima mwenye subira, aliniuliza ninakotoka. Nikamwambia, kwa mto.

"Mama, bantu ba kwenu beko na nini? Kitabu iko hapa siku makumi mbili na moja, hakuna hata mutu moja alikuya."

"Kitabu gani, papa?"

"Ya enquête. Kuko mutu anaomba kile kiwanja cha kwa mto, anataka kuweka depo ya mizigo. Mwenye hapendi, anakuya, anaonyesha carte, anaandika maneno yake, anasinya. Enquête njo ile, kusikia bantu. Kama hakuna mwenye anakataa, tarehe kumi na saba tunafunga, tunaandika wakaaji wamekubali."

Akakisukuma kitabu mbele yangu. Kurasa zake zilikuwa na mistari mitupu. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza.

"Andika, mama. Weye unajua kuandika, si vile?"

Niliishika kalamu ile. Ninawaambia kweli, niliishika. Kisha nikafikiri: jina langu likiwa la kwanza hapa, wote watajua nimekwenda mahali nilipowakataza. Wataniuliza kwa nini. Nami itanibidi niseme kwamba siku ile ukutani sikuelewa nilichokisoma. Niliona fremu yangu sebuleni. Nilisikia jinsi watakavyolitamka jina la Mama Diplôme kuanzia siku hiyo.

Nikarudisha kalamu. Nikasema nimefuata hati tu. Karani akagonga mhuri kwenye karatasi inayosema kwamba mimi ni hai, nikaenda zangu.

Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Jumatano tarehe 10 nilijaribu kupitia mlango wa nyuma. "Mama Sidonie," nikamwambia, "labda mutu moja aende tu kuuliza."

Alicheka mpaka akaweka beseni chini. "Kuuliza polisi kama banatutafuta? We Mama Diplôme, jua inakupiga kichwa? Weye mwenyewe ulisemaka!" Akatoa simu kifuani, akanisikilizisha sauti yangu. *Nimesoma tangazo na macho yangu. Musiende.* Niliisikiliza yote, nimesimama uani kwake, na sikuwa na pa kupitia. Mtu pekee aliyeweza kumpinga yule mama wa kwenye simu alikuwa mimi, na yule mama alikuwa ameniharibia kila neno.

Tarehe 15, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, nilipanga mstari wa kitubio. Zamu yangu ilipofika nikaungama hasira. Hasira! Wakati huo sikuwa nimemkasirikia mtu yeyote.

Jumatano tarehe 17 Agosti nilikaa kwenye kiti kinachotazamana na cheti changu mpaka saa tisa na nusu alasiri, ofisi zinapofungwa. Kisha nikainuka nikaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Mngedhani adhabu ilianza hapo. La. Kilichoanza ni shukrani. Siku thelathini zilikuwa zimepita na hakuna mwanamke aliyekamatwa, kwa hiyo mtaa mzima ukasema mimi ndiye niliyewaokoa. Kila Ijumaa Mama Sidonie aliniletea fungu la lengalenga. "Ya Diplôme yetu," alisema. Nilizipika. Nilizila, Ijumaa baada ya Ijumaa, na kila nilipomeza, njia ya kusema ukweli ilizidi kuwa nyembamba.

Mvua zilikuwa zimeanza tulipoona malori. Alhamisi tarehe 10 Novemba yalimwaga matofali ukingoni. Mama Sidonie aling'oa miche yake kwa mikono, akaibeba kwenye beseni, akaja kuiweka uani kwangu kwa sababu kwake hapakuwa na nafasi.

"Bamenionyesha karatasi," akasema. "Banaandika ati wakaaji wamekubali. Nani alikubali? Weye ulikubali?"

Nikamwambia aiweke miche kivulini.

Kufikia Noeli ukuta ulikuwa umesimama. Januari binti yake wa mwisho hakurudi shuleni. Mama Sidonie mwenyewe akawa ananunua mboga kwa wengine na kuzichuuza, yeye aliyekuwa akiwauzia wachuuzi.

Mwaka 2023, katika Kwaresima, parokia ilitangaza masomo ya Jumamosi kuhusu uraia na namna ya kupima habari. Nilijiandikisha wa kwanza, mnisamehe, kwa sababu ilikuwa ni orodha na watu wangeisoma. Mama Sidonie akanifuata, akisema anataka kujua nani alikubali kwa niaba yake. Mwalimu alikuwa msichana mpole tuliyemwita Mademoiselle. Siku ya kwanza aliandika ubaoni maswali ya kuiuliza kila habari inayoingia katika simu: nani anasema, je, aliona mwenyewe, na ni nani mwingine wa kuulizwa kabla ya kuituma mbele. Nilinakili kwa mwandiko mzuri. Nilidhani ni masomo juu ya watu wengine.

Jumamosi tarehe 18 Machi 2023 alileta kipaza sauti kidogo.

"Leo tutasikiliza audio moja. Niliipata kwa simu ya dada yangu, kule mutaa wa Karavia. Imepita mikono mingi, mwenyewe hatumujui."

Akabonyeza. *Leo siku ya kwanza, tarehe kumi na munane, mwezi wa saba...*

Akaiacha mpaka *Musiende*, akaizima. "Munasikia? Anatoa siku, anatoa tarehe, anatoa mwaka. Njo maana bantu balimuamini. Tarehe iko ya kweli. Habari iko ya bongo, ya kudanganya." Kisha akaeleza enquête ya ardhi ni nini, kitabu ni cha nini, na kwamba ukimya wa wakaaji huandikwa kuwa ni ndiyo yao. Baba mmoja nyuma yetu akaguna. "Huyu mama wa Karavia aliharibu bantu."

"Bamama ba Karavia banajua kusema," akadakia mwingine, watu wakacheka.

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi. Ningecheka nao tu, na yule mama wa Karavia angebeba kila kitu mpaka kaburini. Lakini Mama Sidonie, aliyeketi kando yangu, hakucheka. Alikuwa akiiangalia mikono yangu. Audio ile ilikuwa kwenye simu yake pia, na katika Lubumbashi yote, ni nani anayeanza maneno ya simu kwa tarehe?

Nikasimama. "Si mama wa Karavia. Ni miye."

Wakanipigia makofi. Mademoiselle alisifu ujasiri wangu, akasema kutojua si dhambi, na darasa lote likakubali. Ningaliweza kukaa ndani ya msamaha huo maisha yangu yote. Ulikuwa na nafasi ya kutosha. Mama Sidonie hakupiga makofi. Tulirudi naye kwa miguu mpaka kwenye malango yetu mawili. Hapo akageuka.

"Ulijua siku gani?"

Nikashika komeo la lango langu.

"Siku gani, Mama Diplôme? Weye njo fundi wa tarehe."

"Tarehe munane, mwezi wa munane."

"Na kitabu ilifungwa siku gani?"

"Tarehe kumi na saba."

Mama Sidonie hajui kusoma, lakini katika kuhesabu ananishinda. Alihesabu kidole kwa kidole, mkono wa kulia wote, kisha wa kushoto. Kilibaki kidole kimoja.

"Siku tisa," akasema. "Na mboga zangu ulikulaka."

"Nilikula."

Akaingia kwake. Lango hakulibamiza. Alilifunga taratibu, kama unavyofunga baada ya kumsindikiza mgeni.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa Mademoiselle nikamweleza na zile siku tisa. Hakunisifu tena. Alisema ukuta uliokwisha kujengwa haung'oki kwa machozi, ila raia ana haki ya kuiandikia ofisi malalamiko, na kwamba barua itakuwa na nguvu kama nitaeleza kwa mkono wangu ni kwa nini kitabu kilibaki kitupu. Niliandika kwa Kiswahili. Yeye akatafsiri, na hakuniruhusu kutamka neno lolote la Kifaransa mpaka nimeweza kumweleza maana yake. Barua ya ukurasa mmoja ilinichukua wiki mbili.

Kisha nikaipeleka mlango kwa mlango, nikawasomea. Mmoja alitema mate karibu na viatu vyangu. Mwingine alisema tu, "Leta wino." Walitia sahihi au dole wanawake kumi na mmoja. Wa mwisho alikuwa Mama Sidonie.

"Siku tisa umeandika wapi?"

"Mustari wa saba."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Namba anazijua. Aliiangalia ile tisa kwa muda mrefu kabla ya kutia dole.

Tuliitwa katika ofisi ile mara sita, na kila mara niliulizwa mbele ya watu nilichofanya tarehe 8 Agosti. Kila mara nilijibu. Cheti changu kipo bado, ila nimekishusha, kipo chini ya picha ya marehemu.

Nawe unayewasomea wengine, iwe ukutani, iwe kwenye simu, iwe barua ya jirani mlangoni, nisikilize. Kuna mtu amesimama nyuma yako ambaye hana macho mengine ila yako. Usilolielewa, liseme palepale. Na kama ulikwisha kukosea, rudi siku hiyohiyo, maana kila siku unayonyamaza inajenga tofali moja, na kitabu cha serikali hakingojei aibu yako iishe. Nanyi mnaosomewa, msimwamini anayesoma vizuri. Mwulizeni mara ya pili, na mkaulize ofisini.

Shauri lilimalizwa rasmi Ijumaa tarehe 20 Oktoba 2023. Mwenye depo alibaki na kiwanja. Wakulima walipewa ukanda mwembamba kati ya ukuta na mto, na njia ya kuufikia. Matuta ya zamani ya Mama Sidonie yako chini ya saruji. Sasa amepata manne.

Karani alinipa hati ya makubaliano niwasomee wenzangu kabla ya kusaini. Nilisoma na kueleza, kifungu kwa kifungu, mpaka cha nne. Hapo palikuwa na neno *servitude*. Nililijua kanisani: ni utumwa, ule wa Waisraeli kule Misri. Nilihisi maelezo yakijipanga yenyewe mdomoni mwangu, tayari kutoka, kwa sauti nzuri.

"Endelea, mama," akasema karani.

"Neno hili sielewi."

Mwanamke mmoja akasema nyuma, "Diplôme imemaliza wino," na wengine wakacheka, nami nikangoja wamalize.

"Ni haki ya kupita," karani akaeleza. "Kiwanja iko ya mwingine, lakini njia yenu hawezi kuifunga."

Nikawaambia kama alivyosema. Mama Sidonie alisogea mezani, akachovya dole katika wino, akaligandamiza pale karani alipomwonyesha. Hakuniangalia.

"Ungesema vile siku ile," akasema.

Nikachukua kalamu. Nikaandika jina langu chini ya dole lake, na chini ya jina, tarehe.